Mwaka wa Mizani Isiyojua Shikamoo

Kalunde alinipigia simu nikiwa ofisini Tabora mjini, nimepiga magoti nyuma ya kabati nikitafuta waya uliolegea. Hakusalimia. Alisema Bi Mwantumu amefariki alfajiri nyumbani kwake Ipole, na kwamba maziko yanawasubiri ndugu zake wanaotoka Handeni, kwa hiyo ni kesho baada ya sala ya adhuhuri. Nilikaa sakafuni palepale kati ya nyaya. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekukumbusha kununua chumvi, “Na uje na kompyuta yako. Uje na lile daraja.” Nikamuuliza daraja la nini msibani. “Sisi ni watani wake, Asha. Yule hazikwi kimya kimya,” akasema, akakata.

Sijazeeka kiasi cha kuandika kumbukumbu, najua. Lakini kuna miaka inayopita bila kuacha alama, na kuna mmoja unaokaa ndani yako kama chumba ambacho bado unaweza kuingia ukajua kitanda kiko wapi. Wangu ni ule niliomaliza chuo Dar es Salaam, nikarudi Tabora na shahada ya kompyuta na tabia ya kuuliza kwa nini mpaka watu wanahama meza. Niliamini vitu vichache sana. Sikuamini matangazo ya kazi, sikuamini mafundi, sikuamini wazee wanaoanza sentensi kwa “sisi zamani”, na zaidi ya wote sikumwamini mtu yeyote anayesimama katikati ya watu wawili na kusema yeye anawasaidia waelewane. Mjini kwetu tumezaliwa katikati. Misafara yote ya zamani ilipita hapa, mzigo ukashuka bega hili ukapanda bega lile, na nyumba nyingi za mjini zilijengwa na watu waliosimama katikati. Mimi nilitaka vitu vifike moja kwa moja.

Kikundi cha warina asali cha Ipole kilikuwa kinatafuta mtu wa kutengeneza kompyuta ya ofisi, kwa malipo ya malazi na chakula, nikaenda nikidhani nitakaa wiki mbili. Nikapewa nusu ya chumba. Kilikuwa nyuma ya nyumba ya asali, zamani stoo ya masega, na nta ilikuwa imeingia mpaka kwenye mbao za dari. Siku ya jua kali chumba kizima kilinuka kama mshumaa uliozimwa sasa hivi. Dirishani nyuki walikuja kukagua kama bado kuna kitu chao. Upepo ukigeuka uliingia moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku ya jirani. Nusu nyingine ya chumba ilikuwa ya Kalunde, mpimaji wa kikundi, msichana wa Kimoraviani wa rika langu, mwenye aproni tatu nyeupe zilizoning'inia ukutani zikiwa zimepigwa pasi kama sare za muuguzi. Ndiye mwanamke wa kwanza kukabidhiwa mizani pale. Alisema maneno machache, na mengi kati ya hayo yalikuwa, “Nawa kwanza.”

Chakula tulikula kwa Bi Mwantumu, ambaye banda lake lilitazamana na mlango wa nyumba ya asali. Alikuwa Mzigua wa Handeni aliyemfuata mume mpaka Ipole, mume akafa, yeye akabaki na masufuria yake. Asubuhi alitupa chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, vitamu kiasi kwamba sukari ya chai ilionekana ya bure. Mchana ugali na nsansa, mboga za majani zilizokaushwa, zikiungwa kwa karanga, au maharage. Na katika kila sahani aliweka tusi. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za wapagazi wa Kinyamwezi, waliposhuka pwani wakipita nchi za watu, wakilala kwao, wakigombana nao, na wakizikana njiani. Sheria iliyobaki ni kwamba mtani anaweza kukuambia lolote, popote, na ukikasirika wewe ndiye mkosaji. Kwa hiyo Bi Mwantumu aliwaita wateja wake wote “watumwa wangu”, nao wakamwita mtoro aliyerudishwa kwa kamba. Mimi nilimwona kama mtu aliyepewa leseni ya kukosa adabu. Nilimwambia hivyo, baada ya shikamoo. “Marahaba, Binti Mjini,” akajibu. “Wewe huna mtani, ndiyo maana umekonda.”

Ni katika banda lile nilipoanza kusikia habari za mizani. Wanunuzi wa asali walikuwa wameweka masharti ya usafi: haingii mtu chumba cha kupimia bila aproni, kofia na mabuti yaliyooshwa, na madirisha yawe juu yenye wavu. Wenye asali wakawa wanakabidhi ndoo mlangoni, wanakaa benchi la barazani, na baada ya muda wanaletewa namba. Namba hiyo kila mara ilikuwa ndogo kuliko waliyopima nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza. Si sana. Kidogo tu, lakini kwa kila ndoo. Aliyelalamika zaidi ni Mihayo, mrina hodari mwenye mizinga mpaka ndani kabisa ya pori, mtu anayeweza kukaa kambini mwezi mzima na kurudi amenenepa. “Asali yangu ikitoka nyumbani ina afya,” alisema siku moja akimenya kiazi. “Ikiingia mle ndani inakonda. Kuna mtu anailamba.” Hakutaja jina, na hakuhitaji. Kalunde alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mabanzi akimalizia ugali wake. Kupitia mwanya nilimwona anaendelea kutafuna polepole, kama mtu anayehesabu.

Mzee Luhende, mwenyekiti, mzee wa kanisa asiyependa ugomvi, akaitisha mkutano. Uamuzi ulikuwa huu: siku ya kupima inayofuata, kama watu watatoka na malalamiko yaleyale, Kalunde atavua aproni na atatafutwa mpimaji mwingine. Mihayo na wenzake waliongeza kuwa wao watachukua na ndoo zao. Kalunde hakubishana. Alieleza kwa mara nyingine jinsi anavyopima, hatua kwa hatua, vichwa vikaitikia, hakuna aliyesikia. Tulipokuwa tunarudi chumbani aliniambia kazi si kitu, kazi hupatikana. Lakini akitolewa pale kwa neno hilo, atakuwa mwizi kuanzia Ipole mpaka Sikonge, na hakuna barua ya kujieleza unayoweza kuituma kila nyumba.

Mimi, kwa kawaida yangu, nilianza kwa kutomwamini hata yeye. Nilinunua mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, nikanawa, nikavaa aproni, nikaupandisha kwenye mizani. Hamsini kamili. Nikaurudia pembe zote nne. Hamsini. Kalunde alikuwa ameegemea mlango akinitazama. “Unaipima mizani au unanipima mimi?” akauliza. Nikamwambia vyote viwili. Akafikiri kidogo, akasema afadhali mtu anayesema.

Nikiwa nimeinama kule ndani ndipo nilipokiona. Mizani ilikuwa ya sahani ya chuma sakafuni, na waya wake uliishia kwenye kisanduku cha namba ukutani. Chini ya kisanduku palikuwa na tundu la waya wa mtandao lililojaa vumbi na nta. Mizani ilitolewa na wafadhili, na tangu ifike hakuna aliyechomeka kitu pale. Nilisafisha tundu kwa njiti ya kiberiti, nikachomeka waya kwenye kompyuta yangu mpakato, nikatafuta anwani, nikafungua dirisha jeusi la amri na kuandika mstari wa kuomba kuunganishwa. Sekunde moja kimya. Kisha namba zikaanza kumwagika: sifuri, sifuri, sifuri, mstari baada ya mstari, haraka kuliko jicho. Nikagusa sahani kwa mguu. Mbili. Tatu na nusu. Sifuri. Sikuwahi kuisikia mizani ikiongea, na miaka yote ilikuwa inaongea kwenye tundu lililoziba. Nilimwita Kalunde kwa sauti iliyowatoa nyuki dirishani.

Wazo likaja lote kwa mpigo. Kama namba zinatoka kwenye waya, basi zinaweza kutoka nje. Warina wengi walikuwa na simu za tachi. Niweke ruta ndogo barazani, niandike ukurasa mmoja wenye namba kubwa, kila mtu aufungue kwenye kivinjari cha simu yake, aone uzito wa ndoo yake wakati uleule Kalunde anaouona. Bila karatasi na bila mtu katikati. Niliandika ukurasa ule huku nakula, mkono mmoja una ugali, Bi Mwantumu akiniambia nitaila kompyuta. Nikaufungua. Haukuonyesha kitu.

Sababu yake ilinifurahisha sana nilipoielewa, na bado inanifurahisha. Kivinjari kimelelewa kwa adabu. Ukikitaka kizungumze na kitu moja kwa moja, hubisha hodi kwanza, husalimia kwa maneno yake maalumu, kisha husubiri kujibiwa kwa maneno yanayolingana, ndipo mazungumzo yaanze. Mizani haijui shikamoo. Ukiifungulia tu, inamwaga kilo. Kivinjari kinasema “shikamoo”, mizani inajibu “sifuri”, kivinjari kinafunga mlango kwa kuona kimetukanwa. Kila mmoja yuko sahihi kwa malezi yake, na hawataelewana mpaka siku ya mwisho. Nilipowasimulia bandani hivyohivyo, mzee mmoja alisema mkwewe ana tabia kama ya mizani ile.

Dawa yake ilikuwepo tayari, programu ndogo ya bure isiyo na hata kitufe cha kubonyeza, ambayo tulikuja kuiita daraja. Unaiita kwa mstari mmoja katika dirisha jeusi: jina lake, mlango ambao itawasikilizia wageni wa kivinjari, kisha anwani ya mizani na mlango wake. Basi. Inakaa katikati. Kivinjari kikisema shikamoo, yenyewe inajibu marahaba. Halafu inageuka, inafungua njia ya kawaida kwenda kwenye mizani, na kinachotoka upande huu inakipeleka upande ule bila kukifungua. Niliichunguza kwa shaka zangu zote, maana ilikuwa ni mtu wa katikati tena, kile kitu nilichokikimbia. Lakini huyu hakuwa na maoni. Alibeba mzigo uliofungwa, kama walivyobeba wapagazi katika njia ileile inayopita nyuma ya banda la Bi Mwantumu, kutoka bega hadi bega, na hakuujua ni nini.

Mara ya kwanza namba zilikuja kama vipande visivyosomeka, nikarekebisha mstari mmoja kwenye ukurasa wangu, nikatoka nje mbio na simu mkononi mpaka chini ya dirisha. Nikamwambia Kalunde apande kwenye sahani. Simu yangu ikasema hamsini na nane. Nikamtangazia kupitia wavu, uwanja mzima ukasikia. “Hapo ni pamoja na mabuti,” sauti yake ikatoka. Niliruka ruka kwenye mchanga kama mtu mwenye wazimu. Bi Mwantumu alisimama mlangoni kwake na mwiko, akamwuliza mteja wake kama Binti Mjini amekanyaga siafu, kisha akataka na yeye akapimwe. Kalunde akamwambia kuna sheria ya usafi. “Mtumwa wangu ananizuia mlango wangu,” Bi Mwantumu akalalamika kwa dunia nzima. “Mzigua hana mlango,” Kalunde akajibu kutoka ndani, “ana ufa wa kuchungulia.” Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia Kalunde akisema jambo lisilohusu kunawa.

Siku ya kupima watu walijaa barazani tangu umande haujakauka, ndoo zimepangwa mlangoni, kila moja na alama ya mwenyewe kwenye mfuniko. Nilikuwa nimebandika anwani ya ukurasa ukutani kwa herufi kubwa. Niliwaeleza kwamba kuanzia leo hakuna wa kumwamini wala kutomwamini, kila mtu na jicho lake. Nilijisikia mrefu. Simu zikatolewa, vidole vikaandika, na mtu wa kwanza kufika alikuwa Mzee Luhende. Kwenye simu yake sifuri kubwa ikatokea, safi, inapumua. Kwenye simu nyingine zote hapakutokea kitu. Watu wakafuta, wakaandika upya. Hakuna. Wakasogea kwa mwenyekiti, wakaiona namba iko kwake, wakarudi kuzitazama simu zao tupu.

“Kumbe hata mtandao unamjua mwenyekiti ni nani,” akasema Mihayo.

Nilikimbilia kwenye kompyuta, na hapo nikaelewa. Daraja lilikuwa linafanya kazi yake kwa uaminifu: kwa kila simu iliyobisha hodi, lilifungua njia mpya kwenda kwenye mizani. Lakini kisanduku kile cha ukutani kilitengenezwa kuzungumza na mgeni mmoja tu kwa wakati. Akiwa yupo wa kwanza, wa pili hafunguliwi. Mimi nilikuwa nimejaribu kwa simu moja, yangu, nikiruka ruka peke yangu uwanjani. Nikatoka nikawaeleza. Nilisema kuna njia ya kulitatua, niandike programu nyingine itakayoisikiliza mizani mara moja na kuwagawia wote, nipeni siku mbili tatu. Mihayo akauliza kama ndiyo kusema mizani ina mchumba mmoja. Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa na meno.

Mzee Luhende akasema basi yeye atasoma kwa sauti. Wakamwambia wewe ndiye uliyemwajiri. Nikasema nitasoma mimi. Wakaniambia wewe unalala naye chumba kimoja. Mihayo akanyoosha mkono apewe yeye, na mtu wa nyuma akasema Mihayo akisoma, ndoo zote leo zitakuwa za Mihayo. Baadhi wakaanza kuinuka na kuzifuata ndoo zao. Nikatazama dirishani. Kalunde alikuwa amesimama nyuma ya wavu, kofia ameshavua, mikono iko mgongoni inafungua fundo la aproni. Hakuwa na haraka. Alilifungua kama anavyofanya kila jioni.

Bi Mwantumu akavuka uwanja na mwiko wake. “Mmegombana mpaka maharage yangu yameungua,” akasema. “Nipeni hiyo simu, watumwa wangu.”

Nilidhani watamfukuza. Badala yake barazani pakatulia, kama darasa likimwona mwalimu. Miaka imepita na bado najaribu kueleza nilichokiona, mimi niliyewahi kumwita mtu huyu mkosa adabu. Mwanamke yule alikuwa amewaoshea vyombo katika misiba yao yote, akiwaambia wafiwa kwamba uji wao mbaya ndio uliomuua marehemu, nao wakacheka na kamasi puani. Hakuwa ndugu wa mtu pale. Angemficha nani? “Hana mzinga wala hana aibu,” akasema mzee mmoja wa benchi la nyuma. “Asome huyo.” Mzee Luhende akampa simu. Bi Mwantumu akaifuta kwa kanga, akaishika mbali na macho, akaagiza waanze na Mihayo, kwa kuwa ndiye mwenye mdomo mkubwa. Wawili watatu wakasimama nyuma yake kuchungulia, naye akawaambia wasimpumulie vitunguu.

Kule ndani Kalunde akavaa kofia yake. Bi Mwantumu akasoma kila alichokiona, bila kuchuja, kama mtu anayesimulia mpira. Sifuri. Sifuri. Kilo moja na nusu. “Mihayo, hii ndiyo asali yako ya mwezi mzima porini?” Kisha namba ikabadilika. “Sifuri tena. Kalunde, umekula nini?”

Mihayo akasimama. “Hapo,” akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. “Hapo ndipo inapoliwa. Mmeona wote. Namba ilikuwepo, imemezwa.”

Kwa nukta moja hata mimi sikujua. Saruji yangu haikuwa na ndoo. Kisha kwenye wavu ikainuka ndoo tupu, na mfuniko wake juu, ikishikwa na mikono miwili yenye glovu. “Hii ndiyo kilo moja na nusu,” akasema Kalunde. “Naweka ndoo tupu kama yenu. Nabonyeza kitufe inakuwa sifuri. Ndipo naweka yenye asali. Ndoo haimo kwenye hesabu. Nimewaambia kila mkutano.”

“Mimi nyumbani napima na ndoo yake,” akasema Mihayo, polepole, na nadhani alianza kuelewa kabla hajamaliza sentensi.

Bi Mwantumu alimgeukia na mwili mzima. “Kwa hiyo Mnyamwezi alitaka tumnunulie na ndoo,” akasema. “Tuile na ugali, mtani, au tuikaange?”

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilianzia benchi la nyuma kikaja mbele, watu wakashikana mabega, Mzee Luhende akavua miwani akapangusa macho. Na Mihayo, ambaye ningemwambia mimi maneno yale angeondoka na nusu ya kikundi, alikuwa amefungwa na sheria ya babu zake. Alitikisa kichwa. Mdomo ukampindika. “Mzigua ataikaanga kweli,” akasema. “Kwao hawana mboga.” Akaketi. Ndani, ndoo yake ikapandishwa. “Mihayo, kilo ishirini na sita na nusu,” Bi Mwantumu akasoma. “Imeingia?” Kila mtu alimtazama. Mihayo aliitazama namba kwenye simu, akaitazama ndoo tupu iliyobaki dirishani kama ushahidi. “Imeingia,” akasema.

Nikamwona Kalunde anafunga fundo la aproni. Akalifunga mara mbili.

Nilikaa Ipole mwaka mzima. Programu ile ya kugawia niliiandika kwa hasira na raha, nikakosea, nikaifuta, nikaiandika tena, na nilipoiwasha bandani nikaona simu zote za wateja zikibadilisha namba kwa pamoja, kama ndege wanaogeuka angani, nililia kidogo na kusingizia vitunguu. Msimu uliofuata nikabandika anwani upya. Kila mtu akafungua, kila mtu akaona, hakuna aliyeachwa. Halafu wakaziweka simu mifukoni, wakageukia upande wa banda, wakasubiri. Bi Mwantumu akaja na mwiko wake, akasoma ndoo zote kwa matusi mapya, na watu wakaitikia imeingia, imeingia, mpaka jua likazunguka. Mimi niliudhika. Jioni nilimuuliza kuna maana gani ya mtu kusomewa kitu alichonacho mfukoni. Alikuwa anasugua sufuria. Aliniuliza kama programu yangu inaweza kumtukana Mihayo. Nikasema haiwezi. “Basi bado hujaimaliza,” akasema, akanipa sufuria niisuuze.

Nilifika msibani kesho yake baada ya ile simu ya Kalunde, na kompyuta begani. Nyumba ya asali ina mizani mpya siku hizi, ya skrini, isiyohitaji daraja la mtu; ya zamani ilikuwa stoo, kwenye chumba chetu. Walikuwa wameitoa. Jeneza lilipoinuliwa na wanaume wakaanza kuelekea makaburini, walikuta njia imezibwa mbele ya nyumba ya asali: sahani ya chuma imewekwa katikati ya barabara, kisanduku cha namba juu ya kigoda, na Mihayo, mvi tupu sasa, amekaa chini kwenye vumbi na kunyoosha miguu. “Hapiti Mzigua hapa bila kupimwa,” akasema. Ndugu wa Handeni, ambao mambo haya wanayajua, wakasimama na mzigo wao begani na kuanza kuwatukana kama inavyopasa. Shehe alitazama chini, akasema wasikawie. Nami nilikuwa nimechutama kwenye vumbi hilohilo, nachomeka waya na ruta, naandika mstari wangu katika dirisha jeusi, nawasha na ile programu ya kugawia. Mizani ikamwaga namba. Watu wakatoa simu zao, na kwenye zote sifuri ikatokea.

Kalunde alikuwa amevaa aproni nyeupe juu ya nguo za msiba. Sasa ndiye mwenyekiti wa kikundi, lakini alikuja kama mpimaji. Mkononi alikuwa na mwiko wa Bi Mwantumu, ambao watani walikuwa wameuteka jikoni asubuhi. Akaulaza katikati ya sahani kwa mikono miwili. Mizani ile husoma kwa nusu kilo, ilitengenezwa kwa mizigo. Mwiko wa mti haiuhisi kabisa. Simu yangu ilisema sifuri, na ya jirani yangu sifuri, namba zikiendelea kuja bila kukatika, sahihi, zote. Kalunde akainua simu yake mbali na macho, vilevile alivyokuwa akiishika marehemu.

“Mwiko wa Mzigua,” akasoma kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa safu. “Mchoyo wa nyama, muunguza maharage. Kilo mia tatu na arobaini.” Watu wakacheka, na wengine kicheko kikawageukia njiani kikawa kitu kingine. Akasubiri. “Imeingia?”

Mwanamume mmoja wa Handeni aliinama akachungulia simu yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mashine imeharibika. Nikamwambia ni nzima kabisa. Kisha nikaiweka mfukoni, nikainua uso, nikaitikia na wenzangu.

“Imeingia.”